Pasipoti Moja

Nilipofika mbele ya dirisha la uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Lisbon, niligeuka kushoto nikanyoosha mkono. Kwa miaka 19 mume wangu ndiye aliyetunza pasipoti zetu zote mbili, kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, na zamu yetu ikifika alinikabidhi yangu bila kusema neno. Safari hii pembeni yangu alisimama kijana nisiyemjua. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nililia palepale mbele ya ofisa. Ilikuwa miezi minane tangu nimzike.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yale makubwa: tarehe ya ndoa yetu, picha za zamani, wimbo wetu kupigwa mahali ghafla. Kilichonivunja ni kazi ndogondogo alizozifanya miaka yote bila mimi kuziona. Basi kabla hujakata tiketi, kaa uandike kila alichokuwa akikifanya mwenzako safarini. Nani alikumbuka namba ya geti? Nani alibaki na mizigo mwingine akienda chooni? Hilo la mwisho peke yake litakufanya uchague begi dogo, maana sasa utaingia nalo kila mahali.

Kosa langu kubwa lilikuwa Lisbon yenyewe. Tulikuwa tumewahi kwenda pamoja, nami nikaomba chumba kilekile. Nikapewa. Mapazia yalikuwa mapya, na kitanda kilikuwa kimegeuziwa ukuta wa pili. Nililala upande wangu, pembeni kabisa, kana kwamba namwachia nafasi. Asubuhi nilipanda tramu namba 28 kuelekea Alfama, mtaa wa kale wa mji huo, na sikuona kitu; nilikuwa namtafuta yeye katika kila kiti. Siku ya nne nikarudi nyumbani. Ningeulizwa leo ningesema: safari ya kwanza iwe fupi, na iwe mahali ambapo hamkuwahi kukanyaga wote wawili. Mji wenu mtaurudia baadaye, wewe na kumbukumbu zake, ila usikiombe chumba kilekile.

Makaratasi nayo yana namna yake ya kuchoma. Fomu ya bima itakuuliza mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, na mkono utaandika jina lake wenyewe. Badilisha jina hilo ukiwa nyumbani, umetulia. Kama mlikuwa mmeshalipia tiketi mbili, liandikie shirika la ndege mapema, ambatanisha cheti cha kifo, uombe marejesho, na useme wazi kwamba tiketi yako wewe isiguswe. Angalia pia pasipoti yako: nchi nyingi hutaka ibakiwe na angalau miezi 6 kabla ya muda wake kuisha. Vifurushi vingi vya safari hutoza nyongeza kwa anayelala peke yake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ni uonevu, lakini afadhali ujue. Tena, usipange ndege za kuunganisha kwa haraka. Msiba hula umakini. Mimi niliacha simu kwenye trei ya ukaguzi mara mbili katika safari moja.

Kuna siku utacheka, kisha utajiona msaliti. Hapo ndipo watu wengi huacha kusafiri. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi: mara yuko ndani ya majonzi, mara anashughulika na maisha mapya, na kuyumba huko ni sehemu ya kupona. Nilipolisoma hilo nilipumua. Tangu hapo naacha nusu siku bila mpango wowote katika kila safari, kwa ajili ya kulia kama kilio kikija. Kisipokuja, natembea.

Lakini saa ngumu kuliko zote ni jioni. Mchana macho yana kazi. Ukirudi chumbani umebeba mambo ya siku nzima, hakuna wa kumwambia "umeona yule?" Nilidhani ninayemkosa ni wa kutazama naye, kumbe ni wa kumsimulia. Rafiki yangu mmoja alijitolea nimpigie kila jioni, dakika kumi tu, na hilo lilinisaidia mno. Yaliyobaki namwandikia mume wangu kwenye daftari.

Daftari hilo nilikwenda nalo Hispania mwaka uliofuata, kwa miguu kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, kwenye njia ya kale ya mahujaji, zaidi kidogo ya kilomita 100. Njia ile inamfaa mfiwa. Mishale ya njano inakuelekeza, huhitaji wa kusoma ramani, na anayetembea peke yake haulizwi kwa nini. Ukitaka maneno utayapata njiani. Ukitaka kimya, unapunguza mwendo wenzako wapite.

Nilifika uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu, asubuhi ya siku ya sita. Watu walikuwa wakikumbatiana. Nikavua viatu, nikaketi juu ya mawe, nikafungua daftari. Nilimwandikia kuhusu lengelenge la kisigino cha kushoto, kuhusu mzee aliyenigawia plasta yake ya mwisho, na kwamba pasipoti iko kwenye mfuko wa ndani wa koti.