Barua kwa mwanangu: Dola ilipokuwa ya fedha

Mwanangu,

Umeniuliza Merle Haggard, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliwezaje kuimba kuchoshwa na siasa na bado akasikilizwa na watu wa kila upande, ilhali wimbo wako, ukiupiga mbele ya wenzako, nusu wananuna na nusu wanapiga makofi kabla hujafika kwenye kiitikio. Hao wanaonuna wasikutishe. Makofi ya mapema ndiyo mabaya zaidi, maana mtu anayeyapiga ameshajiamulia wimbo unasema nini na hasikilizi tena.

Chukua "Are the Good Times Really Over". Aliurekodi 1981, na 1982 ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Usikilize ukiwa na kalamu, uorodheshe vitu. Utaandika dola ya fedha (fedha madini, si pesa), magari ya Ford na Chevrolet yaliyopaswa kudumu miaka 10, maikrowevu, televisheni, bendera, ile kengele yao ya uhuru iliyoko Philadelphia. Hutaandika "uchumi" wala "uongozi", kwa sababu havimo. Na vitu hivyo havikuokotwa ovyo. Fedha ilitoka kwenye sarafu zao kweli: sheria ya 1965 iliiondoa yote katika senti 10 na senti 25, na katika nusu dola ikaishusha kutoka asilimia 90 hadi 40. Msikilizaji wa 1982 angeweza kuweka senti 25 mbili kiganjani, ya kale na mpya, akazitazama kwa ubavu: ya kale nyeupe tupu, mpya ina mstari mwekundu wa shaba katikati. Lalamiko lake lilikuwa mfukoni. (Kwetu mshororo huo ungenoga mara mbili, kwa kuwa dola ni pesa na dola ni serikali.)

Mwanasiasa anayetajwa ni mmoja tu, Rais Nixon, kwa kuwadanganya watu kwenye televisheni. Nixon alikuwa ameondoka madarakani Agosti 1974, kwa hiyo hakuna kura ya kupiganiwa hapo. Tena Haggard alikwenda kumwimbia Ikulu Machi 1973. Anayelalamika ni mgeni aliyekaribishwa kisha akagundua amedanganywa, na lalamiko la mgeni lina uzito kuliko la mpinzani. Wewe umemtaja aliyeko madarakani, kwa jina, katika ubeti wa kwanza. Wimbo umeshakuwa wa kampeni, na wa kampeni huisha na kampeni.

Sasa kiitikio. Ni swali: je, siku njema zimekwisha kabisa? Analiuliza baada ya ubeti wa kwanza, analirudia baada ya wa pili, na mwishoni tu ndipo analigeuza kuwa agizo: tuache kuporomoka, tutengeneze tena magari ya kudumu. Angegeuza mapema, ungekuwa mahubiri. Lakini kwa nini swali? Piga hesabu ya maisha yake. Anatamani enzi za kabla ya mwimbaji Elvis na kabla ya vita vya Vietnam. Alizaliwa 1937 Oildale, California, katika nyumba iliyokuwa behewa la mizigo. Baba yake akafa yeye akiwa na miaka 9. Ujana akaumaliza kwenye jela za watoto watukutu, na kuanzia 1958 hadi 1960 alikuwa mfungwa wa gereza la San Quentin. Siku hizo njema yeye hakuzionja, hawezi kuziapia. Ndiyo maana anauliza. Wewe umeandika "zamani tulikuwa tunashiba", na kila aliyelala njaa hiyo zamani anajua unasema uongo.

Wimbo una doa lake. Kuna mahali anawasuta wasichana kwamba hawapiki tena, na wanaume kwamba hawataki kazi. Mishororo mingine inalaumu vitu vilivyoharibika na watu wakubwa waliodanganya. Hii inamgeukia jirani. Imechuja vibaya. Mshororo wako kuhusu "vijana wa siku hizi" una ugonjwa huohuo, utoe.

Jihadhari pia na utaratibu wa kutoa nyimbo. "Okie from Muskogee" ya 1969, inayosifu mji mdogo na kuwabeza mahipi, ilianza kama mzaha ndani ya basi, yeye na mpiga ngoma wake Roy Edward Burris, wasikilizaji ukumbini wakaigeuza kama wimbo wa taifa. Alitaka kuifuatisha na "Irma Jackson", mapenzi ya mzungu na mwanamke mweusi. Kampuni yake ya kurekodi, Capitol, ikakataa, ikatoka "The Fightin' Side of Me", ya kuwatisha wanaoisema vibaya nchi, na jina la mlinzi wa bendera likamganda. "Irma Jackson" ilisubiri hadi 1972. Mwaka 2005, kwenye "America First", alipotaka jeshi litoke Iraq ili barabara na madaraja ya nyumbani yajengwe, bado kuna walioshangaa. Kwa hiyo usianze na wimbo wako huu wa siasa. Toa ule wa mama mkwe kwanza.

Maneno ya uchovu yasikilize kwa waliochoka. Kwenye vikao vile vya 1981 Haggard alitoka nje kumjulia hali dereva wa basi lake, Dean Holloway, ambaye alimjibu kuwa amechoshwa na mji huu mchafu. Ikawa "Big City", ikarekodiwa papo hapo, na Holloway akaandikwa mtunzi mwenza. Hilo la mwisho ulishike: ukichukua neno la kondakta, mwandike.

Ubeti wako wa pili una neno "mfumo" mara tatu. Weka mahali pake lami iliyomwagwa wiki mbili kabla ya kura, ikabanduka kabla masika hayajaisha. Kisha uniimbie bila gitaa.