Mporomoko ni uleule, sababu ya kuporomoka ndiyo imepotea: maoni yangu kuhusu Tiana's Bayou Adventure

Mleta mada ameuliza kama Tiana's Bayou Adventure, kivutio kilichochukua nafasi ya Splash Mountain katika bustani za burudani za Disney huko Florida na California, kina hadithi dhaifu kweli au wanaolalamika wanaulilia tu utoto wao. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba hadithi imekufa kabisa, na wapo wanaosema kwamba watu hupanda mtumbwi ule ili waporomoke na kulowa, kwa hiyo anayetaka hadithi akasome kitabu. Ninaishi Orlando, nimepanda vyote viwili pamoja na familia yangu, na naona kwamba pande zote mbili zimelipita jambo lenyewe. Kivutio kinapobadilishwa maudhui hurithi njia ya zamani pamoja na mipando, kona na miporomoko yake yote, na kila mwendo wa njia ile ulijengwa ili ubebe tukio fulani la kisa cha kwanza. Mbunifu mpya anawajibika kuupa kila mwendo sababu mpya yenye nguvu sawa na ile iliyoondolewa, na hapo ndipo ninapoona kazi haikukamilika.

Kwa asiyeifahamu Splash Mountain, ilifunguliwa Disneyland mwaka 1989, kisha Florida na Tokyo mwaka 1992. Abiria waliketi ndani ya mtumbwi wa gogo uliopelekwa na maji, wakamfuata Brer Rabbit, yaani sungura mjanja, aliyeondoka kwao akatafute maisha ya furaha zaidi, huku Brer Fox, mbweha, na Brer Bear, dubu, wakimwinda. Alikwepa mitego hadi akanaswa. Mtumbwi ulipoanza kupanda mpando wa mwisho, muziki uliokuwa wa furaha ulibadilika ukawa wa huzuni, tumbusi wawili waliokaa juu wakaanza kutusimanga sisi abiria, na pembeni, karibu na kilele, sungura alionekana amefungwa kamba, akimsihi mbweha amfanye lolote atakalo ila asimtupe kwenye kichaka cha miiba. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amefika kimo kinachoruhusiwa kwa muda mfupi tu, aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akaniuliza, "Baba, wanamla kweli?" Kabla sijamjibu tulikuwa tumeshatupwa, kwenye mporomoko wa zaidi ya futi 50, tukapita chini ya miiba yenyewe.

Tuutazame ufundi uliomo. Mporomoko ule ulikuwa ndio hila yenyewe ya sungura, kwa sababu kichaka cha miiba ndiko alikozaliwa, na adui alipomtupa huko alikuwa amemfungulia mlango wa nyumbani. Abiria aliogopa kifo pamoja na mhusika, akaanguka pamoja naye, akapona pamoja naye, kisha akaingia kwenye ukumbi ambamo wanyama wote walikuwa wakiimba kumkaribisha. Sisi tuliolelewa na ngano za Sungura na Kobe hatukuhitaji kuelezwa. Katika ngano moja ya pwani, Kobe aliyekamatwa na Simba anamwambia kwamba gamba lake halitalegea mpaka atiwe matopeni na kusuguliwa mgongo, na Simba anapotii, Kobe anazama zake. Ni hila ileile ya mnyonge kumfanya mwenye nguvu amtupe mahali pa usalama, nayo haikufika Marekani kwa bahati. Visa vya Brer Rabbit vilisimuliwa na Waafrika waliouzwa utumwani na watoto wao, kabla Joel Chandler Harris, mwandishi mzungu wa Georgia, hajavichapisha mwaka 1880 kwa namna yake.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mjadala huu. Sababu ya kubadilisha kivutio naikubali bila kusita. Wahusika wake walitoka katika filamu ya mwaka 1946, Song of the South, iliyoyapaka rangi ya kupendeza maisha ya shambani huko Kusini mwa Marekani, ikapingwa tangu mwaka ilipotoka, na kampuni yenyewe haijawahi kuiuza nchini Marekani katika kanda wala diski za kutazamia nyumbani. Tangazo la mabadiliko lilitolewa Juni 2020, na familia nyingi za watu weusi tunaoishi hapa tulifurahi kusikia kwamba Tiana, binti wa kifalme mweusi wa kwanza katika filamu za katuni za Disney, atapata kivutio kikubwa. Hata hivyo, aliyeondoka pamoja na filamu ile ni sungura wa mababu, ambaye hakuitengeneza wala hakuhusika na dhambi zake. Ningependa apatiwe mahali pengine pa kusimuliwa.

Sasa nije kwa Tiana. Kivutio chake kilifunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba mwaka huohuo. Hadithi inatokea New Orleans na kwenye vinamasi vilivyo karibu, baada ya matukio ya filamu yake ya mwaka 2009, The Princess and the Frog. Tiana anaandaa sherehe ya Mardi Gras, kanivali ya mji ule, anahitaji wanamuziki, na sisi tunaombwa tumsaidie kuwatafuta pamoja na Louis, mamba mpiga tarumbeta. Sanamu za mitambo ni za kiwango cha juu kuliko zote nilizowahi kuziona; Tiana wa ukumbi wa mwisho anageuza shingo, anainua nyusi na kuachia tabasamu kwa ulaini unaomfanya mtu asahau kwamba anatazama mashine. Bendi ya wanyama, wakiwemo dubu, sungura na vyura, hupiga ala zilizoundwa kwa vitu vya kinamasini, na ukiwa nyuma ya mtumbwi unaweza kusikia mdundo wa kundi moja ukimezwa taratibu na wa kundi linalofuata. Masikio na macho hayana la kulalamikia.

Shida inaanza unapojiuliza nini kitatokea wanamuziki wasipopatikana. Hakuna kitakachotokea. Sherehe itafanyika tu, ikiwa na bendi ndogo zaidi. Hakuna anayempinga Tiana, na hakuna mgogoro, ule ambao walimu wetu wa fasihi walituambia ndio unaouzaa msuko. Kisha Mama Odie, mganga mzee wa kinamasini, anatufanya wadogo kama vyura ili tuwaone wanamuziki walio wadogo zaidi, na kwenye mpando wa mwisho anaturudisha kwenye umbo letu, ndipo tunaporomoka. Waliosema kwamba mporomoko hauna sababu wamekosea, kwani sababu ipo na inatamkwa. Isipokuwa ni sababu isiyomgusa mtu, maana hakuna aliyeogopa kubaki mdogo. Mdogo wake yule binti yangu aliniuliza katikati ya mpando, "Sasa tunapanda kwenda wapi?" Hakuwa na hofu, alikuwa amepotea njia ya hadithi, nami nilimjibu kwamba tunarudi kwa Tiana, jibu ambalo hata mimi niliona halitoshi kwa mpando mrefu na wenye giza kiasi kile.

Mfano mzuri zaidi wa kurithi njia uko Epcot, bustani nyingine ya Disney hapa Florida. Frozen Ever After ilipofunguliwa mwaka 2016 ilirithi njia ya maji ya Maelstrom, ambamo zimwi lenye vichwa vitatu liliilaani mashua ikarudi kinyumenyume. Wabunifu wapya hawakuweza kuuondoa mwendo ule wa kinyumenyume, basi wakampa Elsa, malkia wa barafu wa filamu ya Frozen, ambaye katikati ya wimbo wake anainua mikono na nguvu za barafu zake zinaisukuma mashua nyuma. Kwa ujumla kivutio kile pia ni sherehe isiyo na hatari, lakini katika sekunde zile mwendo na mhusika vimekuwa kitu kimoja. Huko California, mnara wa Tower of Terror ulipogeuzwa mwaka 2017 kuwa kivutio cha Guardians of the Galaxy, mbinu ikawa hiyohiyo. Lifti iliyokuwa ikianguka kwa pigo la radi sasa inapanda na kushuka ovyo kwa sababu Rocket, rakuni wa kundi hilo la mashujaa, ameuvuruga umeme wa jengo ili awafungue wenzake walio kizuizini. Unaweza kuupenda au kuuchukia muziki wake, lakini unajua kwa nini unarushwa.

Kuna aliyetoa hoja kwamba Pirates of the Caribbean, kivutio cha mashua na maharamia cha mwaka 1967, haina msuko, na bado inapendwa. Hoja hiyo ina uzito, na Marc Davis, mmoja wa walioibuni, alishikilia kwamba vivutio vya namna hii si chombo kizuri cha kusimulia kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Lakini Pirates inapanda ngazi kwa ngazi: mifupa ya wafu, mapigano ya mizinga, mji kuporwa, kisha mji kuteketea kwa moto huku mbao zinazowaka zikining'inia juu ya mashua yako. Taharuki ipo tele hata bila msuko. Tiana ameahidi msuko, kwa maana ametupa kazi ya kufanya, kisha akaiondoa taharuki.

Wanaotaka adui wa filamu ile, Dkt. Facilier, arudishwe wanasahau kwamba filamu ilimmaliza mbele ya macho yetu. Mimi simhitaji. Katika filamu hiyohiyo, Tiana na Naveen, mwana wa mfalme, walipogeuzwa vyura walinusurika kuliwa na mamba wengine wasio na urafiki wa Louis, na baadaye wakafukuzwa na wawindaji wa vyura. Kivutio kimetufanya wadogo kama vyura ndani ya kinamasi kilekile, kisha hakikukumbuka kwamba chura mdogo ni chakula cha mtu. Mpando wa mwisho una giza la kutosha na kuta zilizo karibu na abiria. Macho mawili matatu ya mamba yanayofumbuka pembeni, sauti ya maji yanayochuruzika kutoka mgongoni mwa kitu kikubwa, na Mama Odie anayeharakisha maneno yake badala ya kuyasema kwa utulivu, vingewekwa bila kuigusa njia wala kuondoa sanamu hata moja, na mporomoko ungekuwa tena ni kuponea chupuchupu.