Mwanangu, kuhusu hiyo protini ya kukuza mfupa

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata. Unasema daktari anataka kuziunga pingili zako mbili za chini kabisa za mgongo, atapitia tumboni, na badala ya kukata kipande cha mfupa wa nyonga yako ataweka protini ya kukuza mfupa, na wewe umesoma mahali kwamba inaleta kansa, sasa unauliza ni salama au ukatae. Nakujibu kama nesi wa chumba cha upasuaji, umama nauweka pembeni kidogo maana kuna sehemu utaona aibu.

Hiyo kitu inaitwa BMP-2. Hata mwili wako unayo, ndo inayoziamuru seli zigeuke mfupa. Daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, ndiye aliyeonyesha mwaka 1965 kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachoweza kuotesha mfupa mpya hata katikati ya msuli. Shika hapo, hata katikati ya msuli. Hii ya hospitali inatengenezwa maabara, inakuja unga, tunachanganya na maji safi ya dawa, tunalowesha kasponji ka kolajeni ya ng'ombe halafu tunasubiri dakika 15 ishike, na hapo kila mtu anakumbushwa asikakamue, ukikakamua dawa inamwagika pasipotakiwa. Kasponji kanaingia kwenye keji, yaani kikasha kidogo kigumu, keji inakaa kati ya pingili, mfupa unaota humo.

Shida inaanzia hapo, protini haina macho. Ikivuja kuelekea mishipa ya fahamu mfupa unaweza kuota huko na mguu ukawaka moto, saa nyingine inakula mfupa kwanza kabla ya kujenga, keji inazama. Shingoni ndo balaa kabisa, koo linavimba mpaka mtu anashindwa kupumua, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa onyo Julai 2008 baada ya kupata ripoti 38 ndani ya miaka 4, na wengi yaliwakuta kati ya siku ya 2 na ya 14, yaani mtu ameshapewa ruhusa yuko kwake. Ingekuwa shingo ningekwambia kataa.

Wewe ni mgongo wa chini, kwa mbele, ndiko FDA walikoiruhusu mwaka 2002. Kwa hiyo daktari wako habahatishi. Ila usidanganyike na zile makala za mwanzo mwanzo. Mwaka 2011 daktari wa mgongo Eugene Carragee na wenzake walizipitia tafiti 13 zilizofadhiliwa na kampuni yenye dawa, wagonjwa 780 walipewa protini, na madhara yaliyohesabiwa kuwa yametokana nayo ni sifuri! Sifuri, mwanangu, wakati hata plasta ya kidonda kuna watu inawawasha. Walipolinganisha na nyaraka za FDA wakakadiria madhara yanawapata asilimia 10 hadi 50 ya wagonjwa, inategemea na aina ya upasuaji. Mwaka uliofuata kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani ikaeleza kwamba Medtronic, wenye dawa, walikuwa wanahariri makala za madaktari waliokuwa wamewalipa jumla ya kama dola milioni 210 kwa miaka karibu 15. Hilo ndo lililoniudhi kuliko dawa yenyewe.

Haya, kansa. Mwaka 2013 chuo cha Yale kilisimamia timu mbili huru zikapewa data zote za kampuni, zikakuta protini haiushindi mfupa wa nyonga kwa kiasi cha maana, na kansa ilionekana kuongezeka kidogo ndani ya miaka 2 ila waliopata walikuwa wachache sana kiasi kwamba huwezi kuapa. Tafiti za baadaye za wagonjwa wengi zaidi hazikuona uhusiano huo. Toleo lenye dozi kubwa, miligramu 40, FDA walilikataa 2011, wasiwasi ukiwa huo huo. Kwa hiyo mimi kansa hainikoseshi usingizi kwa dozi ndogo, mradi hujawahi kuwa na uvimbe wa kansa, ukiwa nao hiyo protini hupewi kabisa.

Sasa ile ya aibu. Ukipasuliwa kupitia tumboni kuna wanaume manii yanarudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, na Carragee aliona inatokea zaidi kwa waliopewa protini, wapo wanaobisha. Kukuua haikuui, na wengine inaisha yenyewe, lakini kama wewe na mkeo bado mnataka mtoto muulize daktari habari ya kuhifadhi mbegu kabla, usione haya, wanaulizwa kila siku.

Ukienda muulize pia ni dozi gani, anaziba vipi isivuje nyuma, na kwa nini kwako asitumie nyonga. Nyonga nayo inauma jamani, kuna watu mgongo umepona wanalalamikia nyonga, ila wewe kijana mfupa wako bado mzuri. Akikwambia tu "ndo ya kisasa" tafuta daktari wa pili.

Na ile sigara unayodhani siijui, acha sasa hivi kabla ya tarehe kutoka, nikotini inazuia mfupa kuunga hata uwekewe protini ya namna gani. Akishakujibu nitumie voisi, usinifupishie.

Mama