Kwenda Rubondo: tunasaidia au tunaharibu?

Dada, umeuliza kama kwenda Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, kuwaona sokwe ni kuwasaidia au kuwasumbua. Nendeni, ila kwa adabu. Sokwe wale waliletwa kisiwani miaka ya 1966 hadi 1969 kutoka Ulaya walikokuwa wamefungiwa, na uzao wao sasa ni wa porini kabisa. Mafua yetu haya ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Mwenye kikohozi abaki Mwanza, hata kama kashalipa. Hapo mimi sina mjadala.

Linaloniuma zaidi ni wavuvi. Maji yanayozunguka kisiwa yamo ndani ya hifadhi, nyavu haziruhusiwi, samaki wanazaliana humo kwa amani. Ni jambo jema, lakini anayelibeba ni mvuvi wa ng'ambo anayepita na mtumbwi wake akiyatazama tu. Kwa hiyo msipite Nkome au Muganza mbio mbio kuwahi boti. Laleni pale, kuleni kwa mama ntilie, hela ibaki kijijini. Na mkiuziwa sangara wa chini ya sentimita 50, msinunue: huyo kavuliwa kinyume cha sheria, hajakua bado.