Mgonjwa mmoja, mafaili matatu

Dada mmoja wa mapokezi, upande wa Mufindi, ameniandikia wiki hii akiwa amekata tamaa. Kituo chao kimewekewa mfumo wa kielektroniki, makaratasi yamepungua, lakini kila mwisho wa mwezi hesabu zinagoma: waliosajiliwa hawalingani na walioonwa na daktari, na rejista za MTUHA, vile vitabu vya takwimu za huduma za afya, nazo zina hesabu yake nyingine. Mganga mfawidhi kamwambia yeye ndiye anayeharibu takwimu. Anauliza aanzie wapi.

Mdogo wangu, neno hilo nalijua linavyochoma. Nilishakaa kwenye kikao cha tathmini hapa Mbeya, mgeni kutoka ngazi za juu akainua ripoti yetu mbele ya watu wote na kusema takwimu zetu ni takataka. Madaktari walikuwepo, maabara walikuwepo, famasia walikuwepo. Waliogeuziwa macho ni sisi wa masijala. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfumo unakubali mtu yuleyule asajiliwe mara ya pili bila kutoa hata onyo. Sitaficha, bado linaniuma. Lakini leo wilaya nyingine zinaleta watu wao kujifunza kwetu, na kazi hiyo tumeifanya sisi wa masijala.

Tulianza na majina. Anayeijua Rungwe na Kyela atanielewa. Mama anaitwa Atupele. Karani wa asubuhi kaandika Atupele, wa jioni kaandika Atupelye kama alivyolisikia, na kliniki ya mama na mtoto wamemwandika Mama Ambwene kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Ukoo nao unaanza na Mwaka-. Ukitafuta kwa herufi hizo unaletewa nusu ya wilaya. Foleni imefika nje, karani anaona afadhali afungue faili jipya. Basi presha yake imeandikwa kwenye faili la kwanza, mzio wa penisilini uko kwenye la pili, na daktari kafungua la tatu, jeupe kabisa.

Kwa hiyo tafuta kwanza, sajili baadaye. Usiandike jina zima. Weka herufi tatu au nne za mwanzo, kisha ongeza mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu. Simu peke yake haitoshi, maana nyumba nyingi hutumia ya baba. Mwenye kitambulisho cha NIDA, chukua namba yake. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Zikipishana na umri ulioko kwenye skrini, simama hapo hapo umuulize.

Umri nao una mambo yake. Bibi hajui tarehe aliyozaliwa, mfumo hausogei bila tarehe, karani anaweka 1 Januari. Panga orodha yako kwa tarehe ya kuzaliwa uone ni wangapi wamezaliwa siku ya mwaka mpya. Ombeni sehemu ya umri wa kukadiria. Makadirio si dhambi, mradi yaonekane kuwa ni makadirio.

Wapo walioniambia uzito ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, wa kilo 35 na kuendelea hupewa vinne. Aliletwa mtoto wa kilo 14 kutoka Kyela, ikabonyezwa 41. Skrini ya famasia ikaonyesha vinne. Mfamasia wetu, Mungu ambariki, alichungulia dirishani akamwona mgonjwa mwenyewe kafungwa kanga mgongoni mwa mama yake, akasimamisha dawa. Baada ya siku hiyo tukadai mfumo ukatae uzito usiolingana na umri, na hatukunyamaza mpaka ukarekebishwa.

Tulipotaka kujua nani aliandika 41, hatukuweza. Wodi nzima ilikuwa inaingia kwa nywila ya mtu mmoja. Ndugu zangu, acheni kabisa tabia hii! Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za afya ni za mwanzo kulindwa. Kila mtu aingie kwa jina lake. Na ninyi wakubwa, msisubiri tarehe za ripoti ndipo mkumbuke masijala. Mleteeni karani hesabu zake kila Ijumaa, azione, azisahihishe wakati mgonjwa bado anakumbukwa. Tafuta kwanza, sajili baadaye. Nitalirudia mpaka mchoke.

Dada, umeuliza pia ufanyeje na mafaili yaliyokwisha kurudiwa. Usifute hata moja. Yaunganishe, ukiwa na tabibu pembeni athibitishe kwamba ni mtu mmoja, na namba za zamani ziendelee kuonekana kwa sababu maabara na bima walishazitumia. Anza na wa presha, kisukari na CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU. Hao wana tarehe za kurudi, kwa hiyo kadi zote walizonazo nyumbani unaweza kuwaomba waje nazo.