Kiti cha jamii ndogo Bungeni: ni lazima saini milioni moja?

SWALI: Sisi ni jamii ya wawindaji na warina asali nchini Kenya. Tu wachache, tena tumetawanyika katika kaunti tatu. Tunataka Katiba ibadilishwe tupate mbunge wetu, na tumeambiwa tukusanye saini milioni moja. Tuanzie wapi?

JIBU: Msianze na saini. Saini 1,000,000 ni za mswada wa wananchi chini ya Ibara ya 257, na hata tume ya uchaguzi ikizithibitisha, bado mabunge 24 ya kaunti yaupitishe ndani ya miezi 3. Kwa jamii ndogo, gharama hiyo haibebeki.

Viti vya Bunge la Taifa vimewekwa na Ibara ya 97, nayo haimo katika orodha ya Ibara ya 255 ya mambo yanayolazimu kura ya maoni. Kwa hiyo mtafuteni mbunge awasilishe mswada chini ya Ibara ya 256. Baada ya kusomwa mara ya kwanza husubiri siku 90, kisha sharti uungwe mkono na theluthi mbili ya wanachama wote wa kila bunge, la Taifa na Seneti, unaposomwa mara ya pili na ya tatu. Ni wote, si waliohudhuria tu: wabunge 233 kati ya 349, maseneta 45 kati ya 67. Mswada wa usawa wa jinsia ulikwama Februari 2019 kwa kukosa hao 233, basi hesabuni wabunge wanaowaunga mkono kabla ya siku ya kura.

Anayeuandika mswada huo asiguse Ibara ya 56, ya jamii ndogo na zilizotengwa. Hiyo imo katika Sura ya Haki, na kuibadilisha kunaleta kura ya maoni.

Wakati huohuo, pelekeni ombi Bungeni kwa Ibara ya 119 mkidai sheria ya Ibara ya 100 kuhusu uwakilishi wa jamii zilizotengwa. Hiyo hupita kwa wingi wa kawaida. Haiwezi kuongeza kiti, ila inaweza kuvibana vyama katika orodha za viti 12 vya uteuzi, ambavyo Katiba inavitajia vijana, walemavu na wafanyakazi bila kuwataja ninyi. Ambatisheni ushahidi kwamba mnaingia katika maana ya "jamii iliyotengwa" ya Ibara ya 260, inayowataja wawindaji waziwazi.

Njia ya mipaka, yaani kudai eneobunge lichorwe kwa ajili ya jamii, waliyoidai Wailchamus, jamii ndogo ya Baringo, mahakamani wakashinda 2006, huwafaa wanaoishi pamoja. Kwenu, mliotawanyika, haitazaa eneobunge.