Dawa ya kuzuia damu kuganda: nani anaweza kuiacha, na lini?

Barua nilizopokea safari hii zinatoka kwa watu wanaotumia kwa muda mrefu dawa ambazo wengi huziita za kuyeyusha damu, ingawa kwa hakika haziyeyushi chochote, bali hupunguza uwezo wa damu kuganda. Nitazijibu moja baada ya nyingine, kwa sababu jibu lililo sahihi kwa mmoja laweza kumdhuru mwenzake.

Shikamoo daktari. Miaka 3 iliyopita damu iliganda kwenye mshipa wa paja langu, na chanzo hakikuonekana. Ninatumia warfarini, kipimo changu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, hakitoki kati ya 2 na 3, na mguu hauniumi tena. Je, si nimepona?

Marahaba. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba dawa inafanya kazi, lakini hakisemi lolote kuhusu damu yako itakavyokuwa siku utakapoiacha. Kabla ya kuamua dawa itumike kwa muda gani, sisi huuliza kwanza bonge lilitokana na nini. Mtu ambaye damu yake iliganda baada ya upasuaji mkubwa kwa kawaida hutumia dawa kwa miezi 3 kisha huiacha, maana kilichomletea bonge kimekwisha. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, takriban mmoja tu hupata bonge jingine katika mwaka wa kwanza. Kwa wale ambao chanzo hakikuonekana, kama wewe, takriban 10 kati ya 100 hupata bonge jingine ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha, na kufikia mwaka wa 5 idadi hiyo huwa takriban 25.

Upande wa pili wa mizani kuna hatari ya kuvuja damu, ambayo huongezeka kwa umri, ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, pombe nyingi, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo watu hununua dukani bila kumwambia daktari. Ikiwa hatari hiyo kwako ni ndogo, mimi ningeendelea na dawa, na kila mwaka ningelipitia upya swali hili pamoja na daktari wako. Muulize pia kuhusu apiksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, dozi ndogo ambayo baadhi ya wagonjwa huhamishiwa baada ya miezi 6 ya mwanzo ya matibabu.

Baba yangu ni Mholanzi, na nimegundulika kuwa na Fakta ya Tano ya Leiden. Damu iliganda mara moja tu, baada ya kuvunjika mguu na kufungwa plasta. Daktari anataka niache dawa, lakini nyumbani wanaogopa.

Hofu yao naielewa, kwa sababu ugonjwa wa kurithi husikika kama hukumu ya maisha. Hata hivyo, badiliko hili la jeni, ambalo hufanya damu igande kwa urahisi zaidi, lililopewa jina la mji wa Leiden huko Uholanzi na kuelezwa mwaka 1994, linapatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya 20 wenye asili ya Ulaya, na wengi wao hawapati bonge maisha yao yote. Ukiwa umelirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, haliongezi sana uwezekano wa bonge kurudi, na kwa kuwa lako lilitokana na mguu uliovunjika, ushauri wa daktari wako una msingi. Jibu lingebadilika kama ungelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Nina sindromu ya antifosfolipidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huifanya damu igande ovyo, na mimba zangu 3 zimeharibika. Natumia warfarini tangu nipate bonge mapafuni. Nataka mtoto, niiache sasa?

Pole sana, dada yangu. Tafadhali usiiache peke yako. Warfarini humdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini kukaa bila kinga yoyote ni hatari kubwa kwako. Panga na daktari kabla ya kushika mimba, ili mapema kabisa, kabla ya wiki ya 6, uhamishiwe sindano za heparini, ambayo nayo huzuia damu kuganda lakini haivuki kondo la nyuma, pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Mtu akikushauri uhamie rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, kataa: kwa wagonjwa wa aina yako imeonekana kukinga vibaya kuliko warfarini, na haifai wakati wa ujauzito.

Natakiwa kung'oa jino. Niache warfarini?

Kwa jino moja, mara nyingi hapana. Pima INR siku moja au chache kabla, mpelekee daktari wa meno majibu, naye atajua namna ya kuzuia damu mahali penyewe.

Nina upungufu wa protini C, ile inayozuia damu isigande ovyo. Fedha ziliisha, sijatumia warfarini kwa wiki 2. Nimepata vidonge, nianze leo?

Nenda kliniki leo, na vidonge vyako mkononi, lakini usianze mwenyewe. Warfarini huchukua siku 5 au zaidi kabla ya kukinga ipasavyo, na katika siku hizo za mwanzo hupunguza zaidi ile protini C uliyo na upungufu nayo, hata damu ikaweza kuganda kwenye mishipa midogo ya ngozi. Ndiyo sababu utapewa kwanza sindano za heparini, kisha warfarini kwa dozi ya kupanda taratibu. Ukiona mguu mmoja umevimba, au pumzi inakubana, usiende kliniki, bali nenda moja kwa moja idara ya dharura.